Mahakama Isiyopanda Ngazi

Nitajieni mmoja tu. Simtaki jenerali, simtaki hata kapteni. Nitajieni praiveti mmoja aliyepandishwa kizimbani kwa mauaji ya kasri la Buhikira, mjini Kasese, tarehe 27 Novemba 2016. Hamtampata. Hayumo katika daftari za mahakama za kiraia, wala hayumo katika daftari za mahakama za kijeshi. Watu zaidi ya 100 waliuawa siku moja ndani ya uzio mmoja, na Uganda, nchi yenye mahakama za kila daraja, haikupata hata askari mmoja wa kumwambia: simama, jibu.

Tukumbushane, maana katika kesi hii usahaulifu ndio wakili mkuu wa utetezi. Jumamosi ya tarehe 26 askari na polisi waliingia ofisi za ufalme wa Rwenzururu mjini Kasese na kuwaua walinzi waliokuwamo. Mapigano yakasambaa hadi vituo vya polisi. Kwa hesabu ya Human Rights Watch, iliyotolewa Machi 2017, siku hiyo peke yake walikufa watu wasiopungua 55, wakiwamo polisi wasiopungua 14. Jumapili jeshi likaligeukia kasri. Humo walikuwamo walinzi wa kifalme, ndiyo, lakini walikuwamo pia wanawake na watoto. Picha zilizovuja zilionyesha maiti zimelaliana chini, nyingine nusu uchi, nyingine mikono imefungwa nyuma ya mgongo. Serikali ikasema wale walikuwa wanamgambo waliotaka kumega nchi na kuunda Jamhuri ya Yiira. Haya, na tuseme walikuwa hivyo. Mtu aliyefungwa mikono nyuma anapigana na nani?

Sheria haikulala siku hiyo. Ilikuwa macho kabisa, ila ilitazama upande mmoja. Omusinga, yaani mfalme wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere alikamatwa, akapelekwa Jinja, akashtakiwa kwa mauaji, uhaini na ugaidi. Pamoja naye walishtakiwa watu zaidi ya 200. Joy Doreen Biira, mwandishi wa runinga aliyekuwa amekuja nyumbani Kasese kwa shughuli ya kifamilia, alikamatwa kwa sababu ya picha za kasri linaloungua, akashtakiwa kusaidia ugaidi, mashtaka ambayo baadaye yalifutwa. Aliyelipiga picha kasri likiungua alipata namba ya kesi. Waliokuwapo lilipoungua, wakiwa na bunduki mikononi, hawakupata hata barua ya kuitwa.

Kesi ile dhidi ya mfalme na watu wake ilikokotwa zaidi ya miaka 6, kisha Juni 2023 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaiondoa. Mumbere akarudi Kasese Oktoba mwaka huohuo, watu wakajaa barabarani kwa furaha. Nami niliwafurahia. Lakini angalieni kilichozikwa siku ile. Kesi ilipoondolewa, ushahidi wote wa Novemba 2016 ulikosa mahali pa kusemwa. Mjane wa polisi aliyekatwa mapanga hajui nani alimuua mumewe. Mama wa kijana aliyekutwa mikono imefungwa hajui nani alitoa amri. Pande zote mbili zimelia, na hakuna upande uliosikilizwa.

Aliyeongoza operesheni ile alikuwa Brigedia Peter Elwelu. Januari 2017, hata miezi 2 haijaisha, aliteuliwa kuwa kamanda wa majeshi ya nchi kavu akiwa na cheo cha meja jenerali. Mwaka 2021, akiwa luteni jenerali, akawa naibu mkuu wa majeshi, na mwaka huohuo alisema hadharani kuwa haombi radhi kwa yaliyotokea Kasese. Mei 2024 Marekani ilimpiga marufuku kuingia nchini humo, ikimtaja kwa mauaji nje ya sheria. Simhukumu mimi. Hajawahi kukutwa na hatia, na kama raia yeyote ana haki ya kudhaniwa msafi hadi ithibitishwe vinginevyo. Ndiyo maana alihitaji mahakama, yeye kuliko wengine wote. Badala yake kapewa nyota na Kampala, na adhabu ya viza na Washington. Mtu wa Kasese hakupata neno katika lolote kati ya maamuzi hayo mawili.

Sasa nasikia mtu akiguna: lakini jeshi lina mahakama zake, na hizo ni kali kuliko za kiraia. Ni kweli, ni kali. Swali langu ni moja: ni kali kwa nani?

Tazama kesi inavyozaliwa. Askari akimuua raia leo pale Bwera, wilayani Kasese, mtu wa kwanza kushika ukweli ni mkuu wa kikosi chake. Yeye ndiye mwenye orodha ya zamu. Yeye ndiye mwenye daftari la ghala, linaloonyesha nani alichukua bunduki gani na alirudisha risasi ngapi. Yeye ndiye anayejua amri ilikuwa ipi. Akitaka, atamkabidhi mshukiwa kwa polisi wa jeshi. Akitaka, atamhamishia kikosi kingine, na jina litapotelea huko. Kosa likiitwa mauaji, kuna mahakama. Likiitwa uzembe wa kutumia silaha, kuna karipio na kukatwa mshahara. Kalamu inayochagua kati ya majina hayo mawili imeshikwa na watu wa jeshi.

Twende kwenye meza ya waamuzi. Kwa sheria ya jeshi la Uganda, UPDF, ya mwaka 2005, Mahakama Kuu ya Kijeshi ilikuwa na wajumbe 7: mwenyekiti mwenye cheo kisichopungua luteni kanali, maofisa wawili wa ngazi ya juu, wawili wa ngazi ya chini, kamisaa wa siasa na askari mmoja asiye ofisa. Wote waliteuliwa na Kamandi Kuu, inayoongozwa na Rais ambaye ndiye Amiri Jeshi Mkuu, na wote waliteuliwa kwa mwaka mmoja mmoja. Kumbuka muda huo. Jaji wa Mahakama Kuu hukaa kitini hadi kustaafu, kwa hiyo anaweza kumuudhi mkubwa na kesho akaamka bado jaji. Mjumbe wa mahakama ya kijeshi akimuudhi mkubwa, kuna mwaka mpya wa uteuzi, kuna orodha ya kupandishwa vyeo, kuna kituo cha mbali kinachomsubiri. Huyo ndiye mnayetaka amuulize jenerali: afande, amri ya kupiga risasi ilitoka wapi?

Na mwendesha mashtaka? Naye kavaa gwanda. Ibara ya 120 ya Katiba inampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kufungua kesi ya jinai katika mahakama yoyote, isipokuwa mahakama ya kijeshi. Kesi ikishaingia kambini, mtu pekee anayeshitaki kwa niaba ya umma anaachwa langoni. Kesi ya nyani, hakimu ngedere, na karani tumbili.

Anayeachwa langoni pamoja naye ni mwenye msiba. Mahakama Kuu ya Kijeshi hukaa Makindye, Kampala, ndani ya kambi ya polisi wa jeshi. Mchukue mama wa Bwera aliyeona mwanawe akipigwa risasi. Apande matatu alfajiri, ashuke hadi Kikorongo, avuke mbuga, asafiri zaidi ya kilomita 350. Afike kwenye lango lenye askari wa gwanda lilelile alilolikimbia siku ya msiba. Atoe kitambulisho, apekuliwe, asubiri kwenye benchi ambapo kila anayepita mbele yake ana bunduki. Kisha aingie, asimame mbele ya maofisa, na kwa lugha yake ya Lhukonzo inayotafsiriwa na mtu asiyemjua, awaambie kwamba mmoja wao ni muuaji. Akishatoa ushahidi arudi Bwera, kwenye barabara yenye vizuizi vya jeshi. Mkiona mashahidi hawaji, msiseme watu wa Rwenzori hawapendi sheria. Nani angekwenda?

Wakati mwingine mahakama hizi hukaa wilayani, na kwa hilo nazipa haki yao. Katika kafyu ya korona ya mwaka 2020, raia walipigwa risasi Kasese, wengine wakiwa juu ya pikipiki, na mashtaka dhidi ya askari yakapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Lakini hata hapo angalia anayeletwa. Analetwa kijana wa zamu. Mkubwa aliyemweka barabarani usiku na bunduki ya vita kusimamia kanuni ya afya hamwoni kizimbani, wala hamsikii akitajwa. Ngazi ya amri ina vidaraja vingi, lakini kesi huanzia cha chini na kuishia hapohapo.

Mnaosema mahakama ya kijeshi haiwezi kuwa na huruma na askari, mnanikumbusha Kotido. Tarehe 21 Machi 2002, kule Karamoja, padri wa Kiayalandi Declan O'Toole aliuawa kwa risasi njiani pamoja na dereva na mpishi wake. Padri huyo alikuwa amelalamika kuhusu ukatili wa wanajeshi katika operesheni ya kunyang'anya silaha. Askari wawili wakakamatwa, mahakama ya uwanjani ikaketi, kesi ikamalizika kwa muda usiofika saa 3, na tarehe 25 wakapigwa risasi hadharani mbele ya umati. Siku 4 tangu mauaji hadi mauaji. Hapakuwa na rufaa. Wengi walishangilia: ona, jeshi haliwabebi watu wake!

Mimi naona kinyume. Wale wawili walikuwa mashahidi pekee wa swali lililokuwa kubwa kuliko wao: je, padri aliyelilalamikia jeshi aliuawa kwa ghadhabu ya askari wawili, au kuna mkubwa aliyesema neno? Swali hilo lilifukiwa pamoja nao. Kotido kesi ilikimbizwa siku 4, Kasese haijaanza hadi leo, na matokeo ni yaleyale: hakuna aliyeulizwa kuhusu amri. Mahakama ya kijeshi haina mwendo wake yenyewe. Inakwenda kwa mwendo unaomfaa aliye juu.

Somalia pia tuliona. Agosti 2021 askari wa Uganda walio katika kikosi cha Umoja wa Afrika waliwaua raia 7 huko Golweyn. Novemba mwaka huohuo mahakama ya kijeshi iliyoketi hukohuko Somalia iliwahukumu wawili kifo na watatu kifungo cha miaka 39 kila mmoja. Kumbe inawezekana! Kumbe mahakama inaweza kufunga safari hadi penye damu, na hukumu ikatoka ndani ya miezi 3. Golweyn kulikuwa na serikali ya nchi nyingine iliyokuwa ikidai majibu na Umoja wa Afrika uliokuwa ukitazama. Waliokufa Buhikira walikuwa raia wa Uganda, na aliyepaswa kudai kwa niaba yao ni serikali ileile iliyotuma jeshi. Raia 7 wa Golweyn walipata kesi. Wa Kasese, waliozidi 100, waliambiwa wasonge mbele na maisha.

Sogea sasa hadi mpakani. Kutoka Bwera hadi Mpondwe ni mwendo wa boda boda, na ukivuka mto Lhubiriha uko Kasindi, Kongo. Sisi Waganda tumezoea kuisema Kongo kama nchi isiyo na dola. Vizuri. Tarehe 30 Agosti 2023, huko Goma, askari waliwamiminia risasi waumini wa kundi moja la kidini waliokuwa wakijiandaa kuandamana kuupinga Umoja wa Mataifa. Walikufa watu zaidi ya 50. Wiki moja haijatimia, kesi ikafunguliwa Goma kwenyewe, mbele ya watu. Tarehe 2 Oktoba Kanali Mike Mikombe, kamanda wa brigedi ya walinzi wa Rais mjini humo, akahukumiwa kifo, askari watatu wakapewa miaka 10 kila mmoja, wawili wakaachiwa. Siitetei adhabu ya kifo, wala sisemi Kongo ni shule. Kesi ya Minova, mashariki mwa Kongo, iliyoamuliwa Mei 2014, ilikuwa na washitakiwa 39 na waathiriwa wengi wa ubakaji, ikaishia kuwatia hatiani kwa ubakaji askari wawili tu, wakubwa hawakuguswa. Ugonjwa ni mmoja pande zote za mto. Lakini kwa Goma, walau mara moja, kanali alisimama akajibu. Ng'ambo ya pili ya mto, kwenye nchi yenye kujisifu kwa nidhamu ya jeshi lake, tunasubiri hata koplo.

Nakuja kwa hoja inayouma zaidi, na sitaikwepa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walivuka kutoka Kongo wakaingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe. Waliua watu 42, wakiwamo wanafunzi 37. Wengine walichomwa wakiwa ndani ya bweni lao. Mzazi wa Bwera anayelala akisikiliza mbwa wanavyobweka hahitaji mhadhara kuhusu umuhimu wa jeshi. Anaambiwa: unataka kuwavunja moyo wanaokulinda?

Jibu langu ni kwamba askari mwema wa Bwera ndiye wa kwanza kuumizwa na ulinzi huu wa wauaji. Katika vita dhidi ya ADF, jeshi hushinda au hushindwa kwa habari. Mwanakijiji aone watu wageni wakipita kwenye kahawa yake usiku, aamue kama atapiga simu kambini au atafunga mlango anyamaze. Aliyemzika ndugu bila kesi atafunga mlango. Kwa hiyo anayesema tusiwaguse wauaji ili tuwe salama anatuuzia hatari kwa jina la usalama.

Januari 31, 2025, Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya Michael Kabaziguruka, iliamua kwamba kumshitaki raia katika mahakama ya kijeshi ni kinyume cha Katiba, kwa sababu mahakama hizo, kama zilivyoundwa, hazina uhuru wala dhamana ya kutopendelea. Rais Museveni akajibu kuwa uamuzi huo si sahihi na kwamba nchi haitawaliwi na majaji. Mei Bunge likapitisha marekebisho ya sheria ya UPDF, Juni Rais akatia saini, na mlango wa kuwapeleka raia kambini ukafunguliwa upya kwa masharti mapya, likiwamo la mwenyekiti kuwa na sifa za jaji wa Mahakama Kuu.

Wapinzani walipiga kelele kwa ajili ya raia, na walikuwa na haki. Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani, alikuwa ametekwa Nairobi na kufikishwa Makindye. Lakini mbona tulinyamaza kuhusu upande wa pili wa mlango uleule? Raia akikutwa na bunduki, anapelekwa kwa wanajeshi. Mwanajeshi akimuua raia kwa bunduki, anabaki kwa wanajeshi. Kama mahakama haina uhuru wa kutosha kumhukumu Besigye, uhuru wa kumhukumu kanali kwa damu ya mkulima wa Karambi imeupata wapi? Na msinipoze kwa sifa za mwenyekiti. Mwanasheria aliye chini ya amri ni mpokea amri aliyesoma.

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilishaandika tangu 2003 katika miongozo yake: kazi ya mahakama ya kijeshi ni makosa ya kijeshi tupu. Askari akitoroka kambi, akilala zamu, akikataa amri halali, mpelekeni kwa maofisa wenzake, wanalijua kosa hilo. Kumuua mama sokoni si kosa la kijeshi. Ni mauaji, yamo katika sheria ya jinai, na muuaji hageuki mtu wa sheria nyingine kwa kuwa alivaa kofia. Wakenya mwaka 2016, mwaka uleule wa Buhikira, walimpoteza wakili Willie Kimani mikononi mwa polisi. Kesi ilichukua miaka, lakini ilisikilizwa Mahakama Kuu, hadharani, na mwaka 2022 maofisa watatu wakatiwa hatiani. Sare haikuwaokoa.

Basi haya ndiyo madai, na si ya kubembeleza. Askari yeyote anayetuhumiwa kumuua raia nje ya vita ashitakiwe katika Mahakama Kuu, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kesi isikilizwe wilayani, mahali mwenye msiba anapoweza kufika na kurudi siku hiyohiyo. Mkuu wa kikosi alazimishwe na sheria kukabidhi orodha ya zamu, daftari la silaha na kumbukumbu za amri, na akikataa ashitakiwe yeye. Na upelelezi wa Novemba 2016 ufunguliwe, kwa pande zote mbili: waliowaua polisi na waliowaua watu waliofungwa mikono.

Mtasema imepita miaka mingi. Kosa la mauaji halina tarehe ya kuisha. Mtasema hakuna uwezo. Ibara ya 120 ipo, na inamruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka kuamuru polisi wapeleleze kesho asubuhi bila kuomba ruhusa Makindye. Mtasema jeshi halitakubali. Ibara ya 208 ya Katiba inasema jeshi liko chini ya mamlaka ya kiraia, na haikuongeza maneno "likipenda". Faili moja linatosha kuanza. Lifungueni, na safari hii msiishie kwa praiveti.